Mwalimu Aliyefundisha Mto Juu ya Mawe

Viatu vyake alivivalia mlangoni mwa darasa, si nyumbani. Njiani alitembea na ndara zilizokatwa kutoka tairi la gari, viatu amevishika mkononi kwa kamba zake, kama mtu anayepeleka kuku wawili sokoni. Mawe meusi ya Goma hula soli za viatu, na yeye hakuwa na jozi nyingine. Tulipomwona ameinama kwenye kizingiti cha darasa, tulijua masomo yanaanza. Alipoinama tena, tulijua watoto wanarudi nyumbani.

Jina lake sitaliandika, na ukoo wake sikuuliza. Mtaani wote walimwita Mwalimu wa Mwaka wa Kwanza. Mimi nilikuwa jirani yake na mwanafunzi wake wa zamani, na nilimwita Mwalimu tu.

Lile jina la mtaani lilikuwa na mzaha ndani yake. Walimu walioanza kazi pamoja naye walikuwa wamepandishwa, wengine wanafundisha mwaka wa nne, wengine wa tano. Yeye alibaki na watoto wasiojua kushika chaki. Jirani yetu wa upande wa pili, fundi seremala, mtu wa sauti kubwa, hakuchoka kumwuliza juu ya ukuta wa mawe:

“Mwalimu, batoto bako banapandaka kila mwaka. Weye utapanda siku gani?”

“Mimi niko narudilia, papa,” Mwalimu alijibu, akimwita papa, yaani baba. “Nilikuwa mujinga sana.”

“Basi bakutoe mu masomo, ukuje kupiga randa hapa kwangu!”

Mwalimu alicheka kabla ya watu wengine kucheka. Hiyo ilikuwa desturi yake. Ukimcheka, ulimkuta amekwisha kufika hapo zamani.

Darasani hakuwa mtu wa mizaha. Nilipokuwa mdogo, mtu akiniuliza jambo mbele ya wengine sauti yangu ilipotea, nami nilitazama chini mpaka aniache. Walimu wengine walipiga meza. Yeye alikuwa na namna yake. Hakumwita mtoto jina. Alipita kati ya benchi, akaweka kipande cha chaki mbele ya mtoto mmoja, kisha akaendelea na wengine kama vile hakufanya kitu. Mwenye chaki alijua kwamba zamu ni yake, lakini aliinuka mwenyewe alipokuwa tayari. Siku moja chaki ilikaa mbele yangu asubuhi nzima. Watoto wakanong'ona. Yeye akasema, “Muache. Chaki haina haraka.” Niliinuka wakati wenzangu walikuwa wameanza kufunga vitu vyao, nikaandika neno langu, akalisoma kwa sauti kama kwamba ndilo somo lote la siku ile.

Kwa watoto alikuwa na subira hiyo. Kwa nafsi yake hakuwa na hata punje. Akikosea neno la Kifaransa alijipiga paja mpaka tukasikia nyumbani kwetu. Aliwaogopa mapadri. Padri wa masomo, yaani yule mzungu aliyekagua shule, akipita na pikipiki yake, Mwalimu alisimama, hata kama alikuwa na tonge mdomoni. Lakini pikipiki ikishapotea, aliigiza jinsi padri anavyoshuka, anavyokunja mikono ya kanzu, anavyonusa darasa kabla ya kuingia. Mke wake alicheka mpaka akakaa chini. Halafu ghafla Mwalimu mwenyewe aliingiwa na woga, akaenda kufunga dirisha.

Mke wake, Mama Mwalimu, alitoka upande wa Butembo, kwenye vilima vyenye udongo mzuri. Watu husema kwamba alipoletwa Goma aliangalia yale mawe ya volkano akauliza, “Hapa bantu banakulaka nini?” Hakungoja jibu. Alichukua kitunga akaanza kubeba udongo kutoka mbali, upande wa barabara ya Sake, kichwani, kitunga baada ya kitunga, mwaka baada ya mwaka, akiumwaga katika mashimo ya mawe nyuma ya nyumba na kuuzuia kwa vijiwe. Nilipopata akili, tayari palikuwa na shamba: maharagi, mchicha tunaouita lengalenga, vitunguu, na migomba michache. Nyumba ilikuwa ya misioni. Kiwanja kilikuwa cha misioni. Hata yale mawe yalikuwa ya misioni. Udongo peke yake ndio ulikuwa wake.

Na mtego wao ulikuwa pale pale. Mwalimu hakuwa na cheti. Aliingia kazini zamani, wakati mtu aliyejua kusoma na kuhesabu alitosha. Sasa vijana walikuwa wakitoka katika shule ya walimu na diploma zao, na Padri wa masomo akasema mbele ya walimu wote kwamba wasio na cheti watafanya mtihani, na atakayeshindwa ataacha darasa na nyumba kabla shule haijafunguliwa tena. Mwalimu alikuwa amekwisha kuujaribu mtihani huo, egzame kama tunavyouita, na kuanguka. Kuandika hakukumwangusha. Kilichomwangusha ni somo la mbele ya wakaguzi. Aliweka chaki yake mbele ya mtoto, akangoja. Wakaguzi wakatazama saa. Akaendelea kungoja. Somo likaisha mtoto bado amekaa.

“Si ungemusaidia ule mutoto aseme?” Seremala alimwuliza.

“Alikuwa karibu kusimama,” Mwalimu akasema.

Safari hii waliwapa mapema somo la kufundisha. Kwake lilikuja somo la mto. Mahali maji yanapotoka, kingo zake, mkono wake, na mahali unapoingia ziwani. Kitabu kilikuwa na picha ya mto, na ng'ombe wanakunywa. Lakini Goma haina mto. Mvua ikinyesha, hata ile inayovunja mapaa, maji huingia katika mawe na kwisha. Tunalo ziwa, na tunateka humo. Mtoto wa Goma anajua maji yaliyolala. Maji yanayotembea hajayaona.

Basi Mwalimu akaanza kujitayarisha, na sisi majirani tukawa darasa lake. Kila Jumapili baada ya misa tulikaa nyuma ya nyumba yake, juu ya magogo ya Seremala na juu ya mawe. Seremala alikuwa mtoto mtundu. Mama yangu alikuwa mtoto mwema. Mimi alinipa kazi ya kukosa.

“Katika kila darasa lazima mumoja akose,” aliniambia, akiniita mama kama msichana yeyote wa kwetu. “Kama bote banajua, mimi nitafundisha nani? Weye ukose muzuri, mama. Usikose ovyo.”

Nilikosa kwa bidii. Sikuwa naona haya, kwa sababu kosa lilikuwa la kazi. Aliniuliza mto unatoka wapi, nikasema unatoka kwenye ndoo, na watu wazima wakacheka hadi Mama Mwalimu akatoka jikoni kutazama.

Kwanza alitaka kutuonyesha mto kwa kumwaga maji juu ya mawe. Akamwaga. Maji yakapotea. Akamwaga tena. Mama Mwalimu akasema, “Unaniulia maji yangu. Nani atarudi ziwani? Muto?” Kisha akajaribu kuchimba mfereji katika shamba, na mkewe akamshika mkono, akamwambia kwamba udongo ule ulipita kwanza juu ya kichwa chake. Mwishowe wakakata mgomba, wakabandua maganda yake marefu, wakayapanga moja ndani ya jingine kutoka juu ya jiwe hadi kwenye beseni chini. Tukamimina maji. Yakashuka, yakapinda, yakaingia katika beseni. Tukasogea wote karibu. Seremala alikuwa ameona mito mingi huko kwao, lakini hata yeye aliinama kutazama.

Halafu akakumbuka utundu wake. Palikuwa na mahali katika somo, baada ya kingo na kabla ya ziwa, ambapo Jumapili ile Seremala alisimama akapaza sauti: “Mwalimu, unadanganya batoto! Muto iko wapi hapa Goma?” Mwalimu alishtuka, akajibu vizuri sana, kwamba mto upo ila mawe yanaunywa kabla hatujauona. Jumapili iliyofuata Seremala alisimama pale pale, akasema yale yale. Na nyingine. Ikawa sehemu ya somo. Mwalimu alisimama kidogo, akamgeukia, akangoja kelele yake, akajibu.

Katika siku hizo alikuja kijana mmoja aliyevaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi. Alipiga hodi kwa adabu. Mimi nilikuwa pale, nachambua maharagi na Mama Mwalimu.

“Mama, musinikasirikie,” akasema. “Bananituma niangalie nyumba tu.”

“Nyumba gani?”

“Hii. Nimemaliza masomo ya ualimu. Banasema pengine itapatikana.” Akaona haya. “Pengine haitapatikana.”

Mama Mwalimu akamtazama. Kijana alikuwa mwembamba, bado na chunusi. “Umekula?” akamwuliza.

“Apana, mama.”

Akampakulia. Kijana alikula akiwa ameinama, na kila mara macho yake yalikimbia ukutani, yakapima kitanda kitakaa wapi, kisha yakarudi kwenye sahani kwa aibu. Mwalimu aliporudi alimkuta. Wakasalimiana. Kijana akasimama, akamwita “Mwalimu” kwa heshima, kwa sababu alikuwa amesoma mwaka wa kwanza kwake. Mwalimu akamkumbuka. Akamwuliza kama bado anaandika kwa mkono wa kushoto. Wakaongea juu ya Kifaransa cha mtihani, na kijana akamfafanulia jambo moja ambalo lilikuwa limemshinda. Alipoondoka, Mama Mwalimu akasema, “Mutoto muzuri. Afazali angekuwa mubaya.”

Tangu siku ile Mwalimu alibadilika. Alikuwa akikaa mlangoni akiitazama nyumba yake kama mgeni aliyekaribishwa. Aliacha kuigiza padri. Alisema somo la mto akiwa anakula, akiwa anafua, akiwa anasubiri zamu msalani. Alikonda mbele ya macho yetu. Mama Mwalimu alilima kama kawaida, ila sasa alipanda mboga zinazokomaa upesi tu.

Siku ya mtihani tulibeba maganda ya mgomba na mabeseni ya maji mpaka shule nyingine, kwa watoto wasiomjua. Mama Mwalimu aliweka beseni lake chini akasema hawezi kutazama, akarudi shambani kwake. Mimi nilibaki nyuma ya kona ya darasa. Mwalimu aliomba ruhusa ya kufundishia nje, juu ya mawe. Padri wa masomo na mzungu mwingine wakaletewa viti. Mwalimu akavaa viatu vyake.

Alianza vizuri. Akamwaga maji juu ya mawe. “Maji yamekwenda wapi?” Mtoto mmoja akasema, “Jiwe limekunywa.” Akamimina tena juu ya maganda ya mgomba, na watoto walipoona maji yanatembea walipiga kelele, akawanyamazisha, akafundisha chanzo, akafundisha kingo. Mimi nilikuwa nasema naye moyoni, neno kwa neno. Kisha tukafika pale.

Alisimama. Akageukia upande wa kushoto, mahali ambapo kwake palikuwa na magogo ya Seremala. Akangoja kelele. Hapakuwa na kelele. Watoto walinyamaza, wazungu walinyamaza, maji yalikuwa yakidondoka ndani ya beseni. Nilitaka kupiga kelele mimi mwenyewe, lakini mnanijua. Sauti haikutoka. Nikaona midomo yake inacheza, kisha akainua mkono kwa upole na kusema:

“Ndiyo, papa, nimekusikia. Unasema nadanganya batoto.”

Watoto wote wakageuka kumtafuta huyo papa. Padri wa masomo naye akageuka. Msichana mdogo wa mbele, mwenye nywele zilizonyolewa, akasimama.

“Mwalimu, hakuna papa pale.”

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, alikuwa bado anatazama pale mahali patupu, na uso wake ulikuwa umelowa jasho. Kisha akamtazama yule msichana.

“Kweli,” akasema. “Hayuko. Lakini nyumbani kwenu yuko. Leo ukimwambia papa yako kama umeona muto hapa Goma, atasema nini?”

“Atasema niko naongopa.”

“Na weye utamujibu namna gani?”

Msichana akafikiri. Mwalimu hakupata nafasi ya kungoja, kwa sababu mtoto wa nyuma akaruka: “Nitamwambia mawe inakunywa muto!” Mwingine akasema papa yake hawezi kukubali, huyo hakubali kitu. Mwingine akasema atamwita papa aje atazame. Wakasimama wote, kila mtu na baba yake, kila mtu na jibu lake, wakabishana wao kwa wao juu ya mawe, na katika kelele ile walisema somo lote, chanzo, kingo na ziwa. Mwalimu alizunguka kati yao. Padri wa masomo alikuwa anacheka, anaandika, anamnong'oneza mwenzake. Nilijua kwamba amefaulu, na kwamba alifaulu kwa kupotea.

Majina yaliposomwa misioni, lake lilikuwa karibu na juu. Seremala alipiga ngoma kwa ubao siku nzima. Tulikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mama Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kucheza, alicheza na kitunga kichwani, akapanda siku ile ile vitunguu, mmea unaokaa muda mrefu ardhini.

Vitunguu havijaota, Mwalimu akaitwa misioni. Padri wa masomo alimpongeza tena. Akamwambia kwamba walimu wenye cheti ni wachache, na shule za msituni, upande wa Walikale, hazina hata mmoja. Mtu aliyefundisha vile hawezi kuachwa Goma na watoto wa chaki. Lori lingeondoka wiki ile. Nyumba angepewa kijana wa suruali ya kaki.

“Na ukikataa?” mama yangu akamwuliza.

“Mwenye kukataa anarudisha diplome na kazi.”

Tukakaa. Mtu akianguka anatoka, mtu akifaulu anatoka. Seremala peke yake ndiye aliyejaribu kusema kitu. Akasema, “Lakini kule kuna muto.” Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akainuka kwenda kwake.

Mwalimu aliondoka peke yake. Mkewe alisema atavuna kwanza, kisha atamfuata. Alihamia kwetu, akalala na mimi katika chumba kimoja. Alivuna. Kijana wa suruali ya kaki alikuwa amemwachia shamba kwa heshima, akawa anamwita mama, na kila siku alikuja mlangoni kwetu kuuliza kama anaweza kuchuma lengalenga kidogo. Mavuno yakapita, akapanda tena.

Mara ya mwisho nilipomwona Mwalimu ilikuwa karibu na maduka ya Birere, mahali malori yanapopakia. Alikuwa ameruhusiwa siku chache aje kumchukua mkewe. Alikuwa amenenepa kidogo, na uso wake ulikuwa na rangi ya watu wanaoishi kivulini. Alikuwa amevaa viatu barabarani. Kule ni matope, alisema, mtu anavaa kutoka asubuhi.

“Unafundisha mwaka gani sasa, Mwalimu?” nikamwuliza. Nilitoa sauti vizuri.

“Wa kwanza,” akasema. “Hakuna mwingine. Niko mukubwa wa shule, niko mwalimu, niko mwaka wa kwanza.”

Akanieleza kwamba watoto huvuka mto kwa mtumbwi kuja shuleni. Yeye huuogopa. Wao humcheka na kumshika mkono. Misioni imekwisha kumwambia ajitayarishe kwa mtihani wa juu zaidi, akifaulu pengine ataomba kurudi Goma.

“Na ukifaulu sana?”

Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa amesimama kando ya lori na beseni tupu chini ya mkono. Nguo zake nyingine hazikuwapo. Kitunga chake hakikuwapo. Nadhani mimi na Mwalimu tuliona kwa wakati mmoja.

“Vitu viko wapi?” Mwalimu akamwuliza.

“Viko nyumbani.”

“Kamyo iko naondoka, mama.”

“Niko naona.”

“Padri ameandika jina yako. Alisema mwalimu na muke wake.”

Mama Mwalimu aliweka mkono juu ya gurudumu la lori, akatazama matope mekundu yaliyokauka pale, matope ya huko mbali. Alisema bila hasira, kama mtu anayekumbusha mwingine jambo ambalo amelisahau tu:

“Egzame ulifanya weye. Mimi sikufanya.”

Kijana wa lori akapiga bodi kwa kiganja. Mwalimu alifungua mdomo, na mimi niliyemjua nilifikiri atacheka kwanza, kama zamani. Hakucheka. Alipanda juu ya magunia ya chumvi, akatafuta mahali pa kukaa, akakaa ametutazama. “Nitabaambia nini kule?” akauliza kutoka juu.

“Ubaambie niko nalima.”

Lori likaondoka kuelekea Sake. Hakupunga mkono, wala sisi hatukupunga.

Tulishuka kwenda ziwani, maana beseni lilikuwa la maji. Alitembea mbele yangu kwenye mawe. Tulipokaribia kuyaona maji aliniuliza bila kugeuka:

“Siku ile ya egzame, mimi sikuona. Alifundisha muzuri kweli? Ao balimuhurumia tu?”

Nilifikiri kwa muda mrefu. Hakunihimiza.

“Alifundisha muzuri, mama. Muzuri kuliko bote.”

Akaendelea kushuka. Pale kwenye maji akainama, akajaza beseni, akayapunguza kidogo ili yasimwagike njiani.

“Ungenidanganya, mutoto wangu,” akasema. “Ungenidanganya kidogo tu.”

Kisha akaniomba nimtwike.